Mkanda wa Jeshi Chini ya Shati la Mchungaji



Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza mbona Jumapili mbili sikuonekana madhabahuni. Wengine mliambiwa nimesafiri Garissa. Sikusafiri. Nilikuwa hapa hapa Hagadera, nimelalia ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto haukugusika.

Ilianza Alhamisi. Niliamka na maumivu chini ya chuchu ya kushoto, yakizunguka mpaka mgongoni, kama mtu ananichoma kwa sindano ya moto. Nikadhani ni mitungi ya maji niliyobeba jana yake. Usiku nikaanza kuogopa moyo. Ngozi yenyewe ilikuwa safi kabisa, hata mke wangu aliangalia akaona hakuna kitu. Jumamosi asubuhi vipele vyekundu vikatokea, vimeshikana kama shada, na kufikia jioni vilikuwa malengelenge yenye maji. Vilikaa kwa mstari, kuanzia uti wa mgongo kuja mbele, upande mmoja tu.

Nilijua ni nini. Mtu wa umri wangu aliyekulia Kenya anajua mkanda wa jeshi akiuona. Nikavaa shati, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, na Jumapili nikahubiri.

Nitawaambia ukweli kwa nini sikwenda hospitali. Sikuwa na imani kubwa kuliko ninyi. Nilikuwa na aibu. Ugonjwa huu una jina baya kwetu. Miaka ya 1990, kabla ya dawa za ARV kupatikana kwa urahisi, vijana wengi walioupata walikuwa na virusi vya ukimwi, na watu wakaunganisha mambo mawili. Nikajiona nimekaa kwenye benchi la hospitali, nusu ya kanisa wanapita, na kufikia jioni habari imefika bloki zote. Basi nikasema nitaombewa kimya kimya. Mzee mmoja wa kanisa nikamwonyesha, akanipaka mafuta kwenye paji la uso, akaomba. Hilo lilikuwa sawa kabisa, na ningelifanya tena. Kosa ni kwamba nilijificha nyuma yake.

Jumatatu nikaitwa kumwombea mtoto mchanga wa dada yetu mmoja, siku tisa tangu azaliwe. Nikambeba. Nikamlaza kifuani, upande huu wa kushoto, kwa kuwa ndivyo mkono wangu umezoea.

Jumanne usiku mke wangu alivuta shati nikiwa nimelala. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Baba, kesho asubuhi tunaenda, mimi na wewe." Tukaenda.

Daktari aliyetuhudumia ni kijana, pengine mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano. Alinieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa. Mkanda wa jeshi unaletwa na kirusi kile kile cha tetekuwanga. Mimi niliugua tetekuwanga nikiwa darasa la pili, nakumbuka mama akiniogesha kwa maji ya mwarobaini. Nilipona, lakini kirusi hakikuondoka. Kilijificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kikalala zaidi ya miaka thelathini. Kinga ya mwili ikishuka, kwa umri, uchovu, ugonjwa mwingine au dawa fulani, kinaamka na kufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana kinakaa upande mmoja. (Wahubiri wenzangu, najua mmeshaona mahubiri hapo. Mimi nimejizuia.) Nilimuuliza kuhusu ile habari kwamba mkanda ukizunguka ncha zikakutana, mtu hufa. Akacheka kwa heshima, akasema si kweli.

Halafu akauliza vipele vilitoka lini. Nikasema Jumamosi. Akanyamaza kidogo. Dawa ya kupigana na kirusi hiki inaitwa asiklovia, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea. Mimi nilikuwa nimepitisha. Alinipa hata hivyo, kwa kuwa malengelenge mapya yalikuwa bado yanatoka: vidonge mara tano kwa siku, siku saba, na maji mengi ya kunywa. Malengelenge yalikauka baada ya siku kumi hivi. Lakini maumivu yamebaki. Mpaka leo shati likinigusa ubavuni nashtuka. Daktari anasema hali hii inaweza kuchukua miezi, na ni kawaida zaidi kwa watu wazima. Kama ningekwenda Jumamosi ile ile, huenda ningeteseka kidogo. Siwezi kujua, na hilo linanisumbua usiku.

Kilichonisaidia nyumbani niwaandikie, maana joto la hapa mnalijua. Kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyopoa kwenye mtungi kivulini, unakiweka juu ya vipele dakika kumi au kumi na tano, mara kadhaa kwa siku, kisha unakausha taratibu bila kusugua. Kitambaa hicho hachangii mtu mwingine, na kinafuliwa. Ile losheni ya pinki ya kalamaini kwa mwasho. Panadol kwa maumivu. Shati pana la pamba. Kucha fupi, kwa sababu ukikuna usingizini utapasua na uchafu utaingia. Nililetewa dawa ya meno nipake, na mama mmoja mwenye upendo akaleta majivu. Niliwashukuru, sikupaka. Hata mafuta ya upako yanatosha kwenye paji la uso, kidonda kiacheni. Na kama vipele vimetoka kwenye paji au karibu na jicho, au ncha ya pua, usingoje hata usiku mmoja, jicho linaweza kuharibika.

Hezekia alipougua, Isaya aliyemletea neno la miaka kumi na mitano zaidi ndiye huyo huyo aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Nimeifundisha sura hiyo mara nyingi, na zile tini nilikuwa nazipita haraka.

Daktari alitushauri pia tupime ukimwi, mimi na mama. Alisema si kwa sababu kila mwenye mkanda anao, yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuupata, lakini ni busara kujua. Tukapima. Majibu sitayaandika hapa. Si kwamba naficha tena. Ni kwamba kati yenu wanaosoma yuko ndugu ambaye majibu yake anayajua, anameza dawa zake kila siku, na nikianza kushangilia langu hapa nitakuwa nimemwacha peke yake.

Swali la mwisho ndilo lililonivunja. "Mchungaji, umemshika mtoto mchanga au mama mjamzito wiki hii?" Mkanda wenyewe hauambukizi mkanda, lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, na kwa mtoto mchanga tetekuwanga ni hatari. Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua, nikampigia yule dada. Nilimwambia yote: ugonjwa, shati, kwamba nilijua na nikambeba mwanawe.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mchungaji, ungeniambia tu. Ungemwombea ukiwa mlangoni, Mungu angesikia."

Sikuwa na jibu. Daktari akazungumza naye kwa simu yangu, akamuuliza kama yeye aliugua tetekuwanga utotoni. Aliugua, na hilo ni jema, kwa kuwa mama humpa mtoto sehemu ya kinga yake. Vipele vyangu pia vilikuwa vimefunikwa. Lakini ilibidi wamwangalie wiki tatu, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 21. Nilihesabu kila siku. Nimefunga na kuomba mara nyingi maishani, sijawahi kuomba kama siku hizo 21.

Jana amenitumia ujumbe. Mtoto hana hata kipele kimoja, ananyonya vizuri, na baba yake amekubali tumweke wakfu Jumapili hii. Ibada ni saa tatu. Nitavaa shati pana, na mtoto atabebwa na mzee wa kanisa.