Tumbaku ya Kukhu

Karo yangu ya sekondari ilinuka tumbaku. Kukhu alifungua fundo la leso, akahesabu noti, na karani akageuza uso.

Ilikuwa biashara ya nyumba nzima. Mjomba alipanda, Mama akatundika majani juu ya meko hadi yakawa kahawia. Sisi watoto tuliyanyunyizia maji yasivunjike, tukatoa uti wa katikati. Kusokota ilikuwa kazi ya Kukhu pekee, juu ya paja, bila karatasi. Siku ya soko tunaziuza Lubao, moja moja.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipokataza kuuza sigara moja moja, Kukhu alicheka. "Kwani huku nani ana pesa ya pakiti?"

Kilichomsimamisha si askari, ni kifua. Alikohoa usiku kucha, asubuhi akasokota, maana mimi nilikuwa Form Four.

Siku hizi Nairobi, mabeshte wakiwasha sigara natoka nje. Wanadhani najifanya mtakatifu. Lakini siwezi kusema heri Kukhu angeuza nyanya. Aliwahi kuuza nyanya. Nikafukuzwa shule mara mbili.