Usifiche patroni yako, mama

Pengine hata kwenu iko ile mashini nyeusi ya zamani, ya kuzungusha na mukono, imefunikwa na kitambaa pembeni ya kabati. Wakati wa Union Minière, bamama wengi walijifunza kushona katika foyer za kambi, pamoja, kila mumoja akiangalia kazi ya mwenzake. Leo wengi wetu tunashona kila mutu kwake, na patroni tunazificha chini ya godoro.

Sababu unaijua. "Yaya, ukimufundisha, kesho atakunyanganya batu yako." Hilo si neno la kucheka. Katika miaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini kwa programu ya kuondoka kwa hiari, na kuna nyumba ambamo sindano ya mama njo ilitafuta unga.

Hata hivi ninakuambia: uonyeshe. Sisi tuko wanne, tunakutana kila siku ya posho. Hasara kubwa ya kushona haitoki kwa mashini, inatoka kwa makasi. Yadi 6 ni karibu metre 5 na nusu, ni kusema vikwembe vitatu. Ukikata vibaya, hairudi tena. Kwa hiyo kwetu hakuna anayekata mbele ya wenzake kuangalia. Mwezi uliopita mukubwa wetu, anayeshona tangu miaka 30, alikuwa tayari na makasi mukononi. Mudogo wetu, ambaye mpaka hapo alishona tu nguo za batoto, akasema polepole: "Mama, hizi ndege za mugongo zitaangalia chini." Tulicheka sana, na kikwembe kikapona.

Patroni tunazikata katika karatasi ya mifuko ya sima, ni nguvu. Juu yake tunaandika kifua, kiuno, matako, na mwaka, sababu mwili haungoji mutu. Pembeni unaacha sentimeta 2 za kufungulia siku mwenye nguo atanenepa. Na kitambaa cha pamba ukifue kwanza, kipunguke mbele ya kukatwa.

Na wateja? Mudogo alinikamatia wawili. Iliniuma. Lakini mwezi wa 8, masomo karibu kuanza, kila muzazi anataka shati nyeupe na jipe ya bulu kwa siku moja. Nilikuwa na jipe 20 za kumaliza na mikono miwili tu. Yeye njo alibeba nusu. Nusu ya feza pia, ni haki yake.

Kunabaki bei. Mukubwa wetu anataka sisi wote tuombe bei moja; mudogo anasema mwenye kuanza hawezi kuomba sawa na mwenye miaka 30. Mimi niko upande wa mudogo, lakini hatujapatana. Siku ya posho tutaongea tena. Kama uko jirani, kuja na makasi yako, na mufuko mumoja wa sima kama unaupata.