Tulimbeba Hadi Orofa ya Tatu

Wasee, leo sina kichekesho. Nina deni.

Mwaka jana nilisaidia kupanga maonyesho ya picha hapa Nairobi. Orofa ya tatu, lifti hakuna. Rafiki yangu mchoraji anatumia kiti cha magurudumu, na picha zake ndizo zilikuwa kali kuliko zote. Nikamwambia, "Usijali bro, utabebwa." Akabebwa kweli, wanaume wanne, mimi narekodi. Nikaweka muziki wa huzuni, nikapost. Video ikaenda mbali. Watu wakaandika "Mungu akubariki", wakinibariki mimi. Picha alizouza? Hata moja.

Baadaye akaniuliza, "Kwa hiyo video, picha yangu inaonekana wapi?" Nikairudia. Sekunde mbili, mwishoni, nyuma ya mgongo wangu. Tena akaniambia siku hiyo alikaa saa tano bila kunywa maji, juu choo kilikuwa chini na hakutaka kubebwa tena. Hiyo hata haikuwa imenipitia akilini.

Mwezi wa nne nilikuwa Mombasa, nikapita Bombolulu. Hiyo karakana imekuwepo tangu 1969. Watu wenye ulemavu wanatengeneza mapambo, michongo na nguo, na vitu vinauzwa dukani kama duka lingine lolote. Nilimnunulia mamangu mkufu. Aliuvaa kanisani Jumapili hiyo hiyo, na hajawahi kuuliza nani aliutengeneza. Aliuliza tu kama kuna herini zake.

Basi tukaamua kufanya maonyesho mengine. Kutafuta ukumbi wa chini ndiyo ilikuwa kazi! Mwenye ukumbi mmoja alitwambia, "Watu kama hao huwa hawakuji hapa." Watakujaje, na ngazi ni hizo? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema kufika mahali ni haki yao. Mimi nilikuwa nadhani ni roho yangu safi.

Mwishowe tulipata gereji ya mtu. Fundi akatupigia mbao za kupandia mlangoni. Kila picha ikawekwa bei, asilimia 80 ya msanii, 20 ya kodi na mbao.

Jamaa alikuja peke yake, amechelewa, akilaani jam kama sisi wote. Akauza mbili. Nilirekodi picha tu, na bei zake.

Hajaninunulia hata soda.