Siku Tatu za Vouvray

Watu wa Dodoma wakisikia kwamba mstaafu kama mimi anapanga safari ya Ufaransa kwenda kutazama mizabibu, kwanza hucheka, kisha huuliza kama mizabibu ya hapa nyumbani imekwisha. Kaka yangu mkubwa hakucheka. Alisema tu, "Mdogo wangu, unakwenda kulewa kwa nauli kubwa." Siwalaumu. Mizabibu tunayo, na wazee wetu husimulia kuwa mapadri wa misheni ndio waliokuja nayo, wakitafuta divai ya Misa. Neno lenyewe divai husemwa kuwa limetoka kwa Wafaransa, na mvinyo limetoka kwa Wareno. Zabibu tukapewa na Waarabu. Jasho tu ndilo letu tangu mwanzo.

Nina siku tatu. Binti yangu anamaliza masomo yake Paris mwezi wa Novemba, na mimi nitakwenda kwenye mahafali yake. Baada ya hapo yeye ana siku tatu za mapumziko kabla ya kuanza kazi, nami nina siku hizo hizo kabla ya ndege ya kurudi. Angetaka nimwone Paris vizuri: mnara, mto, maduka. Nimemwambia hayo yote nitayaona kwenye njia ya kwenda stesheni.

Sababu ni shamba. Marehemu baba alituachia ekari tatu za mizabibu upande wa Mpunguzi. Alipopanda miche ile, mahali pale palikuwa porini, na mama alikuwa akiogopa kurudi jioni peke yake. Leo mji umetufuata. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, na hasa baada ya kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vinapimwa hadi kwenye ukingo wa shamba letu. Mnunuzi amekwisha kuja na bei. Tuko ndugu watano, na mwezi wa Desemba tutakaa kikao. Watatu wanataka kuuza, mmoja amenyamaza, na mimi nimeomba nisikilizwe baada ya safari. Sina hoja ya kifedha, ndugu msomaji. Msimu uliopita zabibu zetu zilioza mizabibuni kwa kuwa mnunuzi tuliyeahidiana naye hakuleta gari, na kaka aliuhesabu ule uozo kwa kilo, mbele ya wote.

Basi kwa nini Vouvray? Ufaransa ina nchi nzima za mizabibu. Binti yangu, ambaye hupenda kuniandalia mambo, alinitajia Champagne kwanza, kwa sababu Reims ni mwendo wa dakika 45 kwa treni ya kasi kutoka Paris, na mashimo ya divai ya huko ni maarufu duniani. Kisha akataja Bordeaux, ambayo tangu reli mpya ya mwaka 2017 imekuwa mwendo wa saa mbili na dakika chache. Nilimshukuru, nikamwuliza: huko kote wanapanda Chenin?

Maana robo tatu ya shamba la baba ni Chenin Blanc, zabibu nyeupe. Nyingine ni ile nyekundu ya Makutupora. Chenin asili yake ni bonde la mto Loire, magharibi ya Paris, na Vouvray ni kijiji kilicho juu ya mto huo, kilomita kama kumi mashariki ya mji wa Tours. Divai yake ni nyeupe tu. Hutoka kavu, au yenye utamu kidogo, au tamu kama asali, au yenye povu, na zote kwa zabibu hiyo moja, kwa kadiri jua la mwaka ule lilivyokuwa. Jina Vouvray limelindwa na sheria tangu mwaka 1936. Asiyelima ndani ya mipaka ile haruhusiwi kuliandika kwenye chupa. Ng'ambo ya pili ya mto kuna Montlouis, zabibu ile ile, ambao nao walipata jina lao wenyewe mwaka 1938. Mto mmoja, majina mawili, na nasikia ushindani haujaisha. Hapo ndipo nilipojisikia nyumbani kabla hata ya kuondoka.

Kaka, ambaye si mtu wa kupuuzwa, alinitafutia hoja nyingine. Alisoma mahali kwamba Afrika Kusini wana Chenin nyingi kuliko Ufaransa yenyewe, jambo ambalo ni kweli, na kwamba Mtanzania huingia kule bila viza. "Nenda huko, ni karibu, na utarudi na fedha iliyobaki." Sikuwa na jibu jepesi. Lakini mashamba makubwa si kitu ninachotafuta. Ninachotafuta ni mtu mwenye ekari chache, mwenye ndugu, ambaye mji upo karibu naye, na ambaye hajauza. Nataka kumwuliza amewezaje.

Nimekwisha kusoma kiasi cha kuweza kuuliza. Wafaransa, tangu sheria za Napoleon za mwaka 1804, hurithisha watoto wote kwa usawa. Baba hawezi kumpa kifungua mimba shamba zima na kuwaacha wengine mikono mitupu. Kwa hiyo nao walikatakata mashamba, mstari huu wa mkubwa, mstari ule wa mdogo, mpaka watu wakawa na vipande visivyolisha mbuzi. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1970 ya umoja wa ardhi ya kilimo: ndugu hubaki na hisa katika ardhi isiyogawanywa, na mmoja wao, au hata mtu baki, hukodi na kulima. Tena kuna vyombo viitwavyo SAFER, vilivyoanzishwa na sheria ya mwaka 1960, ambavyo shamba likiuzwa vinaweza kuingilia kati na kulinunua kwanza ili libaki mikononi mwa wakulima. Sisemi sheria hizo ziletwe Mpunguzi. Kwetu kila kitu kina historia yake. Lakini hisa ni neno ambalo kaka analielewa, kwani alikuwa mhasibu, na nataka niliweke mezani nikiwa nimemwona mtu anayeishi nalo, kwa sababu kaka atauliza: huyo asiyelima hupata nini mwisho wa mwaka? Na yule anayelima hawachukii wenzake?

Maandalizi yenyewe yamenichosha kuliko nilivyotarajia. Viza ya Schengen huombwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku kumi na tano; ada tangu mwaka 2024 ni yuro 90, nayo hairudi hata ukikataliwa. Wanataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, taarifa ya benki, mahali pa kulala, na sababu ya kukufanya urudi kwenu. Kwenye hiyo sababu ya kurudi niliambatisha nakala ya hati ya shamba. Nilikaa nikiitazama ile karatasi kwa muda. Ikifika Desemba huenda isiwe yetu tena, lakini kwa sasa ndiyo inayoniombea ruhusa ya kwenda na kurudi.

Safari ya ndani ya Ufaransa ni rahisi zaidi. Treni ya kasi hutoka stesheni ya Montparnasse hadi Saint-Pierre-des-Corps kwa muda wa saa moja hivi, kisha treni ndogo hukuingiza Tours kwa dakika tano. Sisi tuliopanda treni ya umeme ya Dar es Salaam tangu ilipofika Dodoma mwaka 2024 hatutashangaa sana. Kutoka Tours hadi Vouvray kuna basi.

Siku ya kwanza ni Novemba 11, sikukuu ya Mtakatifu Martin, askofu wa Tours aliyefariki mwaka 397. Binti alinitahadharisha kuwa siku hiyo Wafaransa hukumbuka mwisho wa vita vya mwaka 1918, ofisi hufungwa, na mkulima hatapokea mgeni. Vizuri, nikasema, siku hiyo ni ya kanisa. Nitashuka kwenye kaburi la Martin, niwashe mshumaa wa baba. Huko husimuliwa kwamba punda wa watawa wake aliingia shambani akatafuna machipukizi ya mizabibu, watawa wakalia, lakini mavuno yaliyofuata yakawa mazuri kuliko ya miaka yote, na hivyo watu wakajifunza kupogoa. Baba angeipenda hadithi hiyo. Yeye alikuwa akipogoa bila huruma, mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa Dodoma mzabibu haulali: ukivuna, unakata, unamwagilia, nao unaanza upya, ukikupa mavuno mawili.

Vouvray ni mara moja tu. Mzabibu hulala majira ya baridi, huamka Aprili, na hapo ndipo hofu inapoanza, kwani usiku mmoja wa jalidi huweza kuua machipukizi yote. Aprili 2021 iliwapiga wakulima wa Ufaransa karibu nchi nzima. Usiku ule watu waliwasha mioto na mishumaa mikubwa kati ya mistari. Nilipomsimulia kaka alinyamaza. Baadaye akasema, "Kumbe nao huoza." Halikuwa jambo kubwa, ila lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu zabibu lisilo na bei ndani yake.

Tumewaandikia wakulima watatu, binti akitafsiri. Mmoja hakujibu, mmoja alitutumia bei za chupa. Wa tatu, mwanamke, aliandika kwamba analima pamoja na kaka yake, na dada zao wawili wana hisa na wanaishi mijini. Ametukaribisha siku ya pili, saa nane mchana. Atatuonyesha ghala lake, ambalo ni pango lililochongwa katika mwamba mweupe wa chokaa, ule ule uliojengea nyumba za Tours. Humo ndani baridi haibadiliki kiangazi wala kipupwe, na divai mpya itakuwa bado inachemka mapipani. Ametuasa tuje na viatu vya matope.

Nilitaka kumpelekea kipande cha tawi la mzabibu wa baba. Haiwezekani: Ulaya hairuhusu miche ya mizabibu kutoka nje, na wana sababu, maana ni mdudu wa filoksera aliyeingia na miche ya Marekani katika miaka ya 1860 ndiye aliyemaliza mashamba yao. Divai inaruhusiwa, hadi lita nne kwa mtu mzima. Kwa hiyo nimenunua chupa mbili za Chenin ya Dodoma, nimezifunga moja moja kwa kitenge, na kuzilaza katikati ya sweta. Juu yake nimeweka daftari lenye maswali. La kwanza ni lile la kaka, kuhusu yule asiyelima.