Mishale Mikubwa kama Sinia

Jumamosi, 16 Januari 2021

Nimepandisha fremuweki ya mfumo wa SACCOS kutoka Laravel 7 hadi 8. Majaribio yote yamepita. Saa tano usiku nimezima kompyuta, naenda kulala usingizi wa pono.

Jumatatu, 18 Januari

Saa mbili na robo asubuhi, simu ya mama mhasibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hii mishale ndiyo nini?"

Nikafungua orodha ya mikopo. Chini ya jedwali mishale miwili myeusi, kila mmoja mkubwa kama sinia la pilau. Vitufe vya kuhama kurasa vimetokea mara mbili, vya simu na vya kompyuta, kwa sababu kinachoficha seti moja ni klasi ya Tailwind, maktaba ya CSS ambayo kwangu haipo. Mfumo wote nimeuvisha mpinzani wake, Bootstrap.

Kisa chenyewe ni hiki: toleo la 8, lililotoka Septemba 2020, limebadilisha vitufe vya kurasa vije na mavazi ya Tailwind. Kabla ya hapo vilikuja na ya Bootstrap. Ukubwa wa mshale umeandikwa kwa klasi mbili tu, w-5 na h-5. Tailwind isipokuwepo, ile SVG haina wa kuiambia ikomee wapi, basi inajaza upana wote.

Dawa ni mstari mmoja wa useBootstrap ndani ya AppServiceProvider. Mwongozo wa kupandisha toleo umelisema waziwazi. Mimi ndiye sikuusoma hadi mwisho. Mama nimemwambia tuko kwenye marekebisho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema haya.

Alhamisi, 21 Januari

Mwenzangu wa ofisini amenishika kwenye chai. Yeye ni mtu wa fremuweki ya Django, na furaha yake haifichiki. Anasema fremuweki kazi yake ni hifadhidata, njia na usalama. Mambo ya rangi na vitufe yaachiwe mwenye mfumo. Hasira zikiwa bado za moto, nikamuunga mkono.

Njiani kwenye daladala nikajishuku. Mwaka 2017, nilipokuwa najifunza Laravel, amri moja ya make:auth ilinipa ukurasa wa kuingia, wa kujisajili na wa kubadilisha nywila, vyote vimevaa Bootstrap. Mteja wangu wa kwanza aliusifu ubunifu wangu. Sikumkatalia. Ningepewa HTML uchi siku ile, na CSS yangu ya wakati ule, nadhani sasa hivi ningekuwa nauza vifaa vya simu. (Hasara yake nayo naijua: kila mfumo niliotengeneza miaka ile ulikuwa na kitufe kilekile cha buluu.)

Jumapili, 7 Februari

Nimejaribu Tailwind 2 nyumbani, nisije nikachukia nisichokijua. Faili zima, kabla ya kupunguza, linapita megabaiti 3. Bootstrap 4 iliyofinywa ni kama kilobaiti 160. Ila Tailwind haikusudiwi kupelekwa nzima. Unaipitisha kwenye chombo kinachofuta klasi zisizotumika, na nilipofanya hivyo haikufika hata robo ya Bootstrap. Kwa mwanachama anayeangalia salio kwa bando la siku, hilo si jambo dogo.

Lakini chombo hicho kinataka Node. Kijana atakayerithi mfumo huu anajua PHP tu. Kwa hiyo fremuweki inapokuchagulia Tailwind, inakuchagulia na karakana yake. Hapo ndipo ninapokwama.

Jumapili, 19 Desemba

Mwezi huu umenirudisha kwenye ubishi wa chai. Rails, fremuweki nyingine, imetoa toleo la 7 tarehe 15. Unapoanzisha mradi unataja mwenyewe kwa --css: Bootstrap, Bulma, Tailwind, Sass au PostCSS. Siku chache kabla yake, Django 4.0 imeanza kuchora fomu kwa violezo, ukitaka uviandike upya.

Nimempigia mwenzangu kumwambia kwamba hata Django yake haikuwahi kukaa kando. Ile as_p inayopanga kila sehemu ya fomu ndani ya aya ni uamuzi wa mtu. Ukishatoa HTML umeshachagua. Ugomvi wangu wa Januari haukuwa na Tailwind. Ulikuwa wa mpangaji ambaye mwenye nyumba kaingia usiku akambadilishia mapazia. Anipe mapazia siku ya kuhamia, sina neno. Yakishatundikwa yawe yangu.

Akasema nimebadilisha hoja. Labda.

Mchana nimefanya nilichopaswa kufanya zamani: vendor:publish, violezo vya kurasa vikanakiliwa kwenye folda ya mradi wangu, nikafuta vyote nikabaki na kimoja. Upana na urefu wa mshale nimeviandika ndani ya SVG yenyewe. Maneno nayo nimeyaweka kwa Kiswahili: Iliyotangulia, Ifuatayo.

Jumanne, 21 Desemba

Mama mhasibu tena. "Mwanangu, haya maneno marefu ya nini? Andika Nyuma na Mbele."

Faili moja, dakika mbili.