Fukusi asiye na jina

Leo nimeshinda maktaba nasoma habari za fukusi, ndugu wa yule anayetoboa mahindi. Huko Cape, Afrika Kusini, kuna vichaka vya fynbos vinavyoungua kila baada ya miaka kadhaa, na humo wamo fukusi wasioruka. Moto ukija, wakimbilie wapi?

Akipatikana mpya, si kumtungia jina tu. Wanampima mdomo, wanachunguza viungo vya uzazi, wanamlinganisha na wenzake, mmoja anahifadhiwa makumbusho kama kielelezo, ndipo jina linachapishwa. Kabla ya hapo, hata wakiteketea wote, hakuna wa kuwaulizia.

Nikamkumbuka dogo mmoja nilipokuwa TP mwaka jana. Hakuwemo kwenye daftari la mahudhurio. Alipoacha kuja, sikuuliza. Mwaka huu, jamani, siku ya kwanza naanza na majina.