Elimu ya Utumishi

Elimu ni nyingi, na kila elimu ina fahari yake. Tabibu hujivunia maisha aliyookoa. Mhandisi hujivunia daraja alilojenga. Nilipochaguliwa kusoma usimamizi wa rasilimali watu katika Chuo Kikuu cha Mzumbe, sikujua nitajivunia nini. Marehemu baba aliniuliza kazi ya elimu hiyo. Nilimjibu kuwa ni kuajiri wafanyakazi na kulinda haki zao. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa katika maisha yake alimjua afisa utumishi mmoja tu, naye ndiye aliyemkabidhi barua ya kuachishwa kazi. Hakuulizwa neno. Alipewa barua akaonyeshwa mlango.

Nilikwenda chuoni na maneno hayo kifuani. Jambo la kwanza lililonishughulisha lilikuwa jina la somo lenyewe. Wazee wetu wa ofisini walisema utumishi. Vitabu vya leo husema rasilimali watu. Utumishi ni neno lililozaliwa na kutuma. Ndani yake mna mtu atumaye na mtu atumwaye. Rasilimali ni neno la wafanyabiashara. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kichwa cha mali, yaani fedha ambayo mtu huanzia biashara. Jina hilo halikunipendeza. Fedha huhesabiwa na kuzungushwa, wala haina mke wala watoto. Lakini baadaye niliona upande wake wa pili: mfanyabiashara mwenye busara hula faida, wala hagusi rasilimali. Akiila, amejifilisi mwenyewe.

Tulisoma habari za Frederick Taylor, Mmarekani aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1911 jinsi mpakiaji wa chuma alivyotoka tani 12 na nusu kwa siku akafika tani 47. Tulisoma pia majaribio yaliyoanza mwaka 1924 katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambayo Elton Mayo na wenzake walifasiri kuwa mfanyakazi huongeza bidii akijaliwa. Wataalamu wameyabishania sana majaribio hayo. Mimi nilishangaa kwamba palihitajika majaribio kuthibitisha jambo ambalo kila mtumishi wa nyumbani analijua.

Kisha tukafika kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inataka mwajiri amwachishaye mtu kazi awe na sababu ya haki, na zaidi ya sababu, afuate utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007 ziliongeza kuwa mtuhumiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, apewe muda wa kujitayarisha, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Niliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani, nikafaulu. Lakini kukariri si kuelewa. Moyoni niliuona utaratibu kuwa ni wingi wa karatasi tu.

Nilielewa nilipokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Mlinzi mmoja, mtu mzima aliyetumika miaka 11, alichelewa asubuhi tatu mfululizo. Barua ya kumwachisha ilikwisha pigwa chapa. Mkuu wangu aliniagiza niandike muhtasari wa kikao cha nidhamu ambacho hakikufanyika. Nami, msomaji, niliandika. Niliandika kwamba mtuhumiwa alipewa nafasi ya kujitetea, akakiri. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba. Yamkini katika jalada lake pia kijana fulani mwenye mwandiko mzuri aliandika kuwa alikiri.

Niliichana karatasi, nikaenda kwa mkuu wangu. Sikumweleza habari za baba. Nilimweleza habari za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwamba mfanyakazi akishtaki huko mwajiri hutakiwa kuthibitisha. Alikasirika, kisha akaridhia. Aliridhia kwa hofu, si kwa huruma. Lakini mlinzi aliitwa.

Kikao hakikuzidi nusu saa. Ilidhihirika kuwa saa za zamu zilibadilishwa alipokuwa likizoni, tangazo likabandikwa ukutani na kubanduliwa kabla hajarudi. Hapana aliyemwambia, na hapana aliyemwuliza. Kosa lilikuwa la ofisi. Barua ilifutwa, naye akarudi langoni bila kujua jinsi alivyolikaribia shimo.

Tangu siku hiyo sidharau utaratibu. Huruma ni njema, lakini huja na kwenda kama mvua. Mwenye kuitegemea peke yake hana kisima. Sheria ni kisima kilichochimbwa ili aliyenyimwa huruma asife kwa kiu. Lakini kisima hakijichoti: hutaka mtu wa kuteremsha ndoo, na mtu huyo ni afisa utumishi. Elimu yake yote ikimshinda kumwuliza mwenziwe, "Una neno la kusema?" basi hesabu za mishahara zingaliweza kufanywa na mashine.

Baba alifariki kabla sijahitimu, nami sikuwahi kumweleza jambo hilo. Angaliniuliza leo nimetengeneza nini, ningalimjibu kuwa sijatengeneza kitu. Nimechana karatasi moja.